Keneli inaanguka kabla diski haijafunguliwa: ujumbe wa kosa utaunasa wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimesasisha keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwenye kompyuta yangu ya mezani. Sasa nikiiwasha, mistari inapita kasi kwenye skrini, kinafuata kiza, halafu mashine inajiwasha upya, na mzunguko huo hauishi mpaka nichomoe umeme. Nikichagua keneli ya zamani inawaka vizuri. Nimeendesha `journalctl -b -1` nione kilichotokea, lakini inanionyesha mara ya mwisho mashine ilipowaka salama. Kule kuanguka hakumo kabisa, utadhani nimeota. Nina kompyuta ndogo ya pili na kebo ya mtandao. Nifanyeje niupate ujumbe wa kosa?

JIBU: Hukuota, ndugu yangu. Mashine ilianguka, na huenda keneli iliandika mengi kabla ya kuanguka. Ila aliyetakiwa kuyafikisha maandishi hayo kwenye diski alikuwa bado hajaamka.

Keneli inapoanza kazi huandika ujumbe wake kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, iliyo ndani ya RAM. Bafa hiyo ni ya mviringo, maana yake ikijaa maneno mapya hufuta ya zamani, na ipo tangu mwanzo kabisa, kabla ya skrini, diski na mtandao kutambuliwa. Baadaye konsoli, yaani njia za kutolea maandishi, hujiandikisha moja baada ya nyingine: ya skrini, ya siriali, ya mtandao. Kwa kawaida konsoli inayojiandikisha kwa kuchelewa husomewa yote yaliyotangulia, ndiyo maana skrini ikishaamka humwaga mistari mia kwa mkupuo. Mashine ikianguka kabla konsoli yoyote haijajiandikisha, maneno hubaki kwenye RAM na kufa nayo.

Na journald, mtunza kumbukumbu unayemsoma kwa `journalctl`, je? Huyo ni programu ya kawaida, huanza baada ya keneli kumaliza kazi yake ya mwanzo na kuikabidhi mashine kwa systemd, programu inayoanzisha huduma zote nyingine. Hata akishaanza, kwanza huandika chini ya `/run`, ambayo nayo ni RAM, hadi `/var` ifunguliwe kwa kuandikwa. Hata baada ya hapo, asipobadilishiwa mpangilio, husukuma maandishi kwenye diski kila baada ya dakika 5, isipokuwa ujumbe wa daraja la hatari ndio huusukuma papo hapo. Kwa kosa la mwanzoni kama lako, kumwuliza journald ni kumwita shahidi aliyefika baada ya mazishi. Kwa hiyo kila chombo nitakachokutajia hapa, kiulizie jambo moja: je, mashine inapoanguka, chenyewe kitakuwa kimeshaamka?

Kabla hujagusa chochote, washa kwa keneli ya zamani utazame mahali pawili:

ls /sys/fs/pstore
ls /var/lib/systemd/pstore

Kwenye mashine nyingi zinazowaka kwa UEFI, yaani programu ya ubao mama inayoanza kabla ya keneli, keneli inaweza kuyatupia maneno yake ya mwisho kwenye kumbukumbu ndogo ya ubao mama, ile isiyofutika umeme ukikatika. Mashine ikiwaka tena, maneno hayo huonekana kama mafaili kwenye saraka ya kwanza, na systemd huweza kuyahamishia kwenye ya pili. Ukikuta mafaili yenye jina linaloanza na `dmesg-efi`, una bahati, ruka mpaka chini ninapoeleza namna ya kuyasoma. Hakuna kitu? Usishangae. Baadhi ya watengenezaji wa Linux huizima njia hii, ukitaka iwake unaongeza `efi_pstore.pstore_disable=0` kwenye mstari wa amri wa keneli, ule wa GRUB nitakaokuonyesha hapa chini. Tena sehemu hii mara nyingi ni moduli, yaani kipande cha keneli kinachopakiwa baadaye, kwa hiyo nayo ina saa yake ya kuamka. Ikifanya kazi huhifadhi mkia tu wa bafa, takriban baiti 10,240 kwa mpangilio wa kawaida, na kwa kosa moja hizo zinatosha. Ukishasoma na kunakili, futa mafaili yale kwenye `/sys/fs/pstore`. Kuyafuta pale ndiko kunakoachia nafasi kwenye ubao mama, na kumbukumbu ile ni finyu, si mahali pa kurundika.

Tuseme hakuna kitu. Washa mashine, na orodha ya GRUB, ile ya kuchagulia keneli, ikitokea, simama juu ya keneli mpya ubonyeze herufi `e`. Tafuta mstari unaoanza na `linux`. Ufute maneno `quiet` na `splash`, kwani hayo mawili ndiyo yanayoifunga keneli mdomo, kisha mwishoni mwa mstari huo ongeza:

ignore_loglevel panic=0 pause_on_oops=60 boot_delay=50

Bonyeza Ctrl-X au F10. Mabadiliko haya ni ya safari hiyo moja tu, ukikosea unawasha tena na mambo yako yapo palepale.

`ignore_loglevel` huiamuru keneli ionyeshe kila ujumbe. Kilicho muhimu kuliko vyote hapo ni `panic=0`. Keneli ikikata tamaa kabisa, kigezo hiki huiambia isimame hapo milele bila kujiwasha upya. Hiyo ndiyo tabia yake ya asili, lakini aliyeitengeneza keneli yako anaweza kuwa ameweka muda wa kujiwasha. Sasa angalia kitakachotokea. Mashine ikisimama na maandishi yakabaki kwenye skrini, piga picha, kazi imekwisha nusu. Ikijiwasha upya vilevile, nayo hiyo ni habari kubwa: kilichotokea si keneli kukata tamaa kwa utaratibu. Huenda prosesa ilikutana na kosa, ikashindwa kulishughulikia, ikashindwa hata kushughulikia ule ushindwaji. Kwenye x86, makosa matatu yakipandana namna hiyo mashine hujizima na kuanza upya bila kuandika herufi moja. Au kuna saa ya ulinzi ya maunzi iliyochoka kusubiri. Au ni umeme wenyewe, ingawa kwako keneli ya zamani inawaka vizuri, kwa hiyo umeme ningeuweka nyuma kabisa ya foleni.

`pause_on_oops=60` huisimamisha mashine kwa sekunde 60 baada ya kosa la kwanza. Nasisitiza la kwanza. Kosa moja la keneli mara nyingi huzaa la pili na la tatu, na linalobaki kwenye skrini mwishoni huwa ni mjukuu, wakati wewe unamtafuta babu. Zamani watu walikuwa wakibonyeza Shift na PageUp kurudi nyuma. Uwezo huo uliondolewa kwenye konsoli ya skrini katika keneli 5.9 ya mwaka 2020, na hata ulipokuwepo, keneli iliyokwisha kufa haikusikii kibodi.

`boot_delay=50` huweka subira ya milisekunde 50 baada ya kila mstari. Mistari 1,000 itachukua kama sekunde 50 zaidi, kwa hiyo vuta pumzi. Usiweke zaidi ya 10,000, keneli itaihesabu kuwa sifuri. Kigezo hiki hufanya kazi tu ikiwa keneli ilitengenezwa na uwezo huo. Kama mistari bado inakimbia, chukua simu yako.

Simu ni chombo halali kabisa cha uchunguzi, asikudharau mtu. Skrini ya kawaida hujichora mara 60 kwa sekunde. Ujumbe uliotokea muda mfupi kabla ya mashine kujizima unaweza kuishi kwa mchoro mmoja tu, milisekunde kama 17, na jicho halishiki hilo. Simu inayorekodi mwendo wa polepole kwa picha 240 kwa sekunde itaukamata mchoro huo mara nne. Itegemeze kwenye kitu isitikisike, zima mwako wake, rekodi tangu GRUB hadi mashine ijiwashe, kisha irudishe nyuma picha kwa picha. Mimi huanza na njia hii hata nikiwa na vifaa vyote mezani, kwa sababu haigharimu kitu na hunijulisha jambo ninalolihitaji kuliko ujumbe wenyewe: kuanguka kunatokea hatua gani.

Maana hatua ndizo zinazoamua uende wapi. Ukiona mistari yenye `[ OK ]` ya kijani, keneli imeshamaliza na tatizo liko kwa systemd au kinachoendeshwa nayo. Hapo ongeza `systemd.log_level=debug systemd.log_target=kmsg`, maneno ya systemd yatapitia njia zilezile za keneli. Ukiona mistari ya keneli tu halafu kiza, tazama mstari wa mwisho kabla ya kiza unataja nini. Ukitaja kadi ya picha, kama `i915`, `amdgpu` au `nouveau`, kuna uwezekano umeshuhudia makabidhiano ya skrini: konsoli ya muda inaachia, draiva halisi inapokea, na ikishindwa unabaki na giza. Jaribu tena ukiwa umeongeza `nomodeset`, ambayo huizuia draiva hiyo isichukue skrini. Ikiwaka, umemjua mshukiwa.

Hapa nikutahadharishe kidogo, japo kwako halihusiki moja kwa moja: skrini kuwa nyeusi si lazima mashine iwe imeanguka. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kwa kukutii, keneli ingali hai na imepofuka tu. Taa ikipepesa yenyewe bila kuguswa, kwenye kibodi za aina ya PS/2 pamoja na kibodi nyingi za kompyuta ndogo, hiyo ni keneli inayotangaza kifo chake kwa njia pekee iliyobaki. Keneli za karibuni zimelipunguza tatizo hili: tangu 6.10 baadhi ya draiva za picha zinaweza kuchora ujumbe wa kifo moja kwa moja kwenye skrini, na tangu 6.12 ujumbe huo unaweza kutolewa kama msimbo wa QR unaousoma kwa simu. Ila draiva ya picha iwe imeshaamka. Unaona? Saa ya kuamka tena.

Na ukiona hakuna kitu kabisa baada ya GRUB kusema inapakia keneli, mashine inaanguka kabla konsoli ya kawaida haijafika. Ongeza `earlycon=efifb`, inayoandika moja kwa moja kwenye skrini iliyoachwa tayari na UEFI, pamoja na `keep_bootcon` ili konsoli hiyo ya mapema isifukuzwe ile rasmi itakapofika. Kuandika kwake ni kwa kujikokota, utauona kila mstari ukipanda. Kwa kazi hii kujikokota ni neema.

Sasa tuje kwa chombo ninachokiamini kuliko vyote: mlango wa siriali.

Najua ni teknolojia ya kizamani, na uzamani huo ndio nguvu yake. Kuandika herufi kwenye siriali hakuhitaji USB, mtandao, kumbukumbu ya ziada wala ruhusa ya mtu. Keneli inaiweka herufi kwenye anwani moja ya maunzi na herufi inaondoka. Kwa hiyo siriali huamka mapema mno na hufa mwisho. Tena kila kinachotoka kwayo tayari kiko kwenye mashine nyingine, kwa hiyo hata ile ya kwanza ikijizima ghafla hakuna cha kupotea. Kwa kasi ya 115,200, ambapo kila herufi hubebwa na biti 10, zinapita herufi 11,520 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kurasa tano za skrini ya kale ya herufi 80 kwa mistari 25, kila sekunde, na zote zinaingia kwenye faili.

Usikate tamaa kwa kutoona tundu la siriali nyuma ya kasha. Mbao mama nyingi za kompyuta za mezani bado zina pini zake ndani, pini 9 katika safu mbili, zimeandikwa COM au COM1, na kuna kebo fupi ya kuzitoa nje. Kwenye kompyuta yako ndogo utatumia adapta ya USB. Angalia upande, hapa ndipo wengi wanapoteleza: adapta ya USB inafaa kwa mashine inayosikiliza. Kwa ile inayoanguka haifai, kwa kuwa ili iandike ni lazima mfumo wote wa USB uwe umeshaamka, na huo huchelewa.

Kati ya mashine mbili unahitaji kebo iliyopishanishwa, ambamo mdomo wa huyu unaingia sikio la yule na kinyume chake, na waya wa ardhi unaunganisha ardhi na ardhi. Kisha jambo la usalama: siriali ya COM hutumia volti zinazoweza kufika 15, chanya na hasi, wakati adapta nyingine ndogo ni za volti 3.3 kwa ajili ya mbao za majaribio. Ukiziunganisha hizo mbili utaunguza kitu. Hakikisha adapta yako ni ya RS-232.

Kwenye kompyuta ndogo endesha:

screen -L /dev/ttyUSB0 115200

Herufi `-L` huamuru kila kinachopita kiandikwe kwenye faili. Kwenye mashine inayoanguka, kwenye ule mstari wa GRUB, weka:

earlyprintk=serial,ttyS0,115200,keep console=tty0 console=ttyS0,115200n8 ignore_loglevel panic=0

`earlyprintk` ni ya kuamka mapema, na `console=ttyS0` ni ya baadaye. Ukiona kila mstari unakuja mara mbili, usihangaike, ni hizo mbili zinazungumza kwa pamoja. Ukitaja `console` mara kadhaa, ujumbe wa keneli huenda kote, lakini maneno ya systemd hufuata ile ya mwisho kutajwa, ndiyo maana siriali nimeiweka nyuma. Na `ttyS0` ni mlango wa kwanza. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikiitazama skrini tupu, nikabadilisha kebo mara mbili, nikaishuku adapta, nikaishuku hata keneli. Ubao ule uliiita COM yake ya nje `ttyS1`. Kwa hiyo kwanza washa kwa keneli ya zamani, uandike ukiwa root `stty -F /dev/ttyS0 115200`, kisha `echo habari > /dev/ttyS0`, uone kama salamu inafika upande wa pili. Isipofika, usiendelee mbele mpaka ifike.

Ikiwa ubao wako hauna pini hizo, tumia ile kebo ya mtandao uliyonayo. Keneli ina kitu kinachoitwa netconsole: huchukua kila mstari wa bafa na kuutupa kwenye mtandao kama pakiti ya UDP, bila kusubiri jibu. Unganisha mashine mbili kwa kebo, kompyuta ndogo ipe anwani 192.168.50.2, kisha isikilize:

nc -u -l 6666 | tee keneli.log

Baadhi ya matoleo ya `nc` hutaka `-l -p 6666`. Kwenye mashine inayoanguka kigezo kinakuwa hivi:

netconsole=6665@192.168.50.1/eth0,6666@192.168.50.2/

Kushoto ni mtumaji, kulia ni mpokeaji. Mwisho kabisa unaweza kuandika anwani ya MAC ya mpokeaji, na ukiiacha wazi pakiti hutangazwa kwa wote waliopo kwenye waya. Wi-Fi haifai kwa kazi hii.

Tatizo la netconsole ni saa yake. Haiwezi kuanza kabla draiva ya kadi ya mtandao haijaanza, na kwenye keneli zinazotolewa tayari kwa watumiaji vyote viwili kwa kawaida ni moduli. Moduli ziko kwenye initramfs, yaani furushi dogo la mafaili linalopakiwa pamoja na keneli, au kwenye diski, na ule mstari hapo juu hautazifikia kwa jina hilo. Inakubidi uzitie zote mbili kwenye initramfs ya keneli mpya, na kigezo ukiandike kwenye faili chini ya `/etc/modprobe.d`, kwa mstari unaoanza na `options netconsole`. Jina la kadi nalo lina mtego. Mwanzoni kabisa inaitwa `eth0`, baadaye hubadilishwa kuwa jina refu la aina ya `enp3s0`. Ukitaja lisilokuwepo wakati ule, netconsole hunyamaza. Yaani, kwa mashine inayoanguka kwenye hatua ya draiva za mwanzo, netconsole itakuangusha. Kwa inayoanguka baada ya mtandao kuamka, ni nzuri kuliko hata siriali, maana ni kasi.

Watu watakushauri kdump. Ni chombo cha heshima: hutenga RAM, huweka humo keneli ya pili, na ya kwanza ikifa ya pili huamka na kuhifadhi picha nzima ya kumbukumbu. Lakini keneli hiyo ya pili hupakiwa na huduma inayoanzishwa na systemd. Kwa kosa lako itakuwa ingali foleni.

Ikiwa umeshapata njia ya kunasa, iwe siriali au simu, lakini keneli inakufa kimya bila kulalamika, ongeza `initcall_debug`. Sehemu kubwa ya kuamka kwa keneli ni kuita mamia ya vitendaji vya kuanzisha draiva, kimoja baada ya kingine. Kwa kigezo hiki kila kimoja hutangazwa kikiitwa, kwa neno `calling`, na hutangazwa tena kikirudi, kwa neno `returned` pamoja na muda kilichotumia. Tafuta `calling` ya mwisho isiyokuwa na `returned` yake. Huyo ameingia ndani na hakutoka. Jina lake likiwa, tuseme, `abc_init`, unathibitisha kwa kuwasha tena na `initcall_blacklist=abc_init`. Mashine ikiwaka bila kitendaji hicho, shauri limefungwa. Ila maneno haya ni mengi, yaongezee bafa nafasi kwa `log_buf_len=4M`, vinginevyo yatafuta mwanzo wa hadithi.

Kwa kosa la aina uliyoeleza, kuna jaribio moja dogo ambalo mimi nisingeliacha. Nakili faili la keneli mpya na initramfs yake kutoka `/boot`, uziendeshe ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima:

qemu-system-x86_64 -m 2G -kernel vmlinuz -initrd initrd.img -append "console=ttyS0 ignore_loglevel panic=-1" -nographic -no-reboot

Mle ndani siriali ni ya bure na maneno yote yanamwagika kwenye dirisha lako. Ikilalamika tu kwamba haioni diski yako, ni sawa, diski haimo. Lakini ikianguka palepale inapoangukia kwenye mashine halisi, maunzi yako hayana hatia, na unaweza kuchunguza kwa utulivu bila kuwasha na kuzima mashine mara hamsini.

Kwa wanaosoma hapa wakiwa na Windows: kanuni ni ileile, majina ndiyo tofauti. Mashine ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huleta menyu ya ukarabati. Humo, kwenye mipangilio ya kuwasha, chaguo namba 9 huzuia kujiwasha upya ili skrini ya buluu ibaki uisome, na namba 2 huandika orodha ya draiva kwenye `C:\Windows\ntbtlog.txt`. Mafaili madogo ya kuanguka hukaa `C:\Windows\Minidump`. Ila Windows huyapitisha kwenye faili la kurasa la diski, kwa hiyo ikianguka kabla diski haijaeleweka, kama kwenye kosa 0x7B ambalo maana yake ni hilohilo, hakuna faili litakaloandikwa. Hapo nako wenye kazi hurudi kwenye kebo: `bcdedit` inaweza kuiamuru ipeleke uchunguzi kwenye siriali au mtandao.

Haya, umenasa maandishi. Usikimbilie mstari wa mwisho. Panda juu mpaka kwenye `BUG:` au `Oops` ya kwanza, au mstari wa vipande vyenye maneno `cut here`. Ukikuta, kwa mfano, `NULL pointer dereference, address: 0000000000000010`, maana yake draiva ilidhani ina kitu mkononi kumbe mkono mtupu, ikajaribu kusoma sehemu iliyo baiti 16 ndani ya kitu hicho kisichokuwepo. Chini yake kuna mstari wa `RIP`, wenye umbo kama `abc_probe+0x4c/0x1a0`: kosa limetokea baiti 76 tangu mwanzo wa kitendaji `abc_probe`, ambacho urefu wake ni baiti 416. Kisha `Call Trace`, inayosomwa kutoka juu kwenda chini: huyu aliitwa na yule, yule na mwingine. Majina yenye alama ya kuuliza mbele yake usiyategemee, ni mabaki yaliyookotwa kwenye rafu ya kumbukumbu. Mstari wa `Tainted` utakuambia kama kuna moduli ya nje: `O` ni moduli isiyo ya keneli yenyewe, `P` ni yenye leseni ya umiliki. Baada ya kusasisha keneli, moduli za namna hiyo ndizo ninazozishuku kwanza, kwani zilijengwa kwa ajili ya keneli nyingine.

Makosa mawili hayahitaji hata kupanda juu sana. `Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` inasema keneli haikuona diski yoyote ya kuanzia. Baada ya usasishaji, sababu inayojirudia ni initramfs kutotengenezwa au kukatika katikati kwa sababu `/boot` imejaa. Endesha `df -h /boot` kwenye keneli ya zamani kabla hujafungua kasha kutafuta pini za siriali. La pili ni `Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00`: hizo 7f ni 127, yaani programu ya kwanza haikupata faili ililolihitaji. Ikiwa ni `0x0000000b`, programu hiyo iliuawa kwa ishara namba 11, imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Ukiamua kuripoti kwa watunzaji wa draiva, wapelekee maandishi yote kama faili, si picha ya mistari kumi, kuanzia mstari wa `Linux version` hadi herufi ya mwisho. Eleza keneli ya mwisho iliyowaka na ya kwanza iliyoanguka, na vigezo ulivyoongeza. Keneli ya zamani usiifute kwenye GRUB mpaka mpya iwe imewaka kwa wiki moja bila tatizo.